Barua ya wazi kwa wanaotutangazia mvua na wanaotufungulia barabara ya Kusini

Kwenu viongozi wetu mnaohusika na maafa, barabara na usafiri wa mikoa ya Kusini, salaam nyingi na poleni na kazi.

Mi ni mfanyabiashara mdogo tu wa Mtwara, nauza vitenge na viatu, sina cheo chochote na sijawahi kuandika barua ya namna hii. Naandika kwa sababu masika yanakaribia tena na kila nikiona wingu zito upande wa baharini roho inanirudi kwenye ile Jumapili ya tarehe 5 Mei 2024, siku moja baada ya kimbunga Hidaya. Kuna jambo moja nataka mlisikie kutoka kwa mtu aliyekuwa ndani ya basi, na nawaomba msome mpaka mwisho hata kama nitarefusha.

Kwanza niseme la haki. Watu wa hali ya hewa walitutahadharisha mapema na kwa kweli walifanya kazi. Siku mbili tatu kabla kila redio ilikuwa inasema Hidaya, magrupu yote ya WhatsApp Hidaya, wavuvi wakaambiwa wasitoke, boti za Dar na Zanzibar zikasimama, mitumbwi ikavutwa juu ya mchanga na kufungwa kwenye minazi. Huku Mtwara tulikaa ndani. Jumamosi tarehe 4 upepo ulivuma, mvua ikapiga, na kwa nusu siku tu Mtwara ilipata mvua kuliko inayopata kwa kawaida mwezi wa Mei mzima. Usiku ule ikatangazwa kwamba kimbunga kimeingia nchi kavu pale Mafia na kimepoteza nguvu. Ikasemwa pia kwamba mabaki ya mawingu yake yamesambaa mikoa ya kusini. Sentensi zote mbili zilikuwemo, hilo nashuhudia.

Sasa angalieni kilichotokea kati ya tangazo lile na stendi. Mpaka saa kumi na moja alfajiri sentensi ya pili ilikuwa imeshadondoka njiani. Kilichobaki kwenye simu za watu ni maneno mawili, KIMBUNGA KIMEISHA, na emoji za mikono ya dua. Watu wakashukuru Mungu, wakafunga mabegi. Mi mwenyewe ni mmoja wao, maana mama yangu alikuwa na kliniki Dar Jumatatu asubuhi, presha yake na sukari ndo zinamsumbua, na ile tarehe tulishaisubiri miezi mitatu. Nikampigia konda, nikamuuliza vipi njia iko salama? Akasema gari ipo, njooni. Stendi hapakuwa na mtu yeyote wa kutuambia subirini. Baharini kulikuwa na amri ya kusimama na kila nahodha aliijua. Barabarani, kwa sisi tuliopanda siku ile, hakukuwa na amri wala ushauri wala hata karatasi iliyobandikwa ukutani. Saa 12 asubuhi tukaondoka na mvua ikiwa ni manyunyu tu.

Tulipita Lindi, tukapita Mchinga, mvua ikaanza kuongezeka taratibu. Tulivyozidi kusogea kaskazini ikawa kama mtu anamwaga kwa ndoo, dereva amewasha taa mchana kweupe na waipa hazishiki. Tukapita Nangurukuru, tukavuka mto Matandu na maji yalikuwa yamepanda rangi ya chai ya maziwa, magogo yanapita chini ya daraja kwa kasi, mama akanishika mkono akaanza kusoma dua kimya kimya. Kilomita chache mbele tukakuta foleni. Malori, mabasi, noah, bodaboda. Konda akashuka, akarudi amelowa mpaka kwenye mfupa, akasema mbele pamekatika.

Nilishuka nikaenda kuangalia na mwavuli wa mama ambao haukusaidia chochote. Nimeona barabara imekatika kwenye picha mara nyingi ila kwa macho ni kitu kingine. Kalavati lilikuwa limesimama palepale katikati, zima kabisa, zege lake halina hata ufa, ila udongo wa pande zote mbili umeondoka, kwa hiyo limebaki kama kisiwa na maji yanapita kulia na kushoto. Kingo ya lami ilikuwa inaning'inia hewani, nyembamba, nilishangaa sana jinsi lami ilivyo nyembamba ukiiona kwa ubavu. Kila baada ya dakika kipande kinakatika, kinadumbukia, na wala hausikii mlio wake kwa jinsi mto unavyonguruma. Kijana mmoja wa lori alichomeka kijiti pembeni ya shimo kupima, tukasimama tunakiangalia, haikupita hata robo saa kijiti kikaenda na maji. Mchana ikaja habari kwamba na nyuma yetu pia pamekatika. Kwa hiyo tukawa katikati, hatuwezi kwenda Dar, hatuwezi kurudi Lindi.

Hapo ndo nataka niwaambie kuhusu kusubiri, maana nyie mnapata ripoti ya kilomita ngapi zimeharibika na madaraja mangapi, na ile ni kazi yenu na ni sawa, ila kusubiri hakuandikwi kwenye ripoti.

Tulilala pale usiku mara tatu. Usiku wa kwanza ndani ya basi, watu zaidi ya hamsini na watoto, madirisha yamefungwa kwa sababu ya mvua, hewa nzito, watoto wanalia, choo hakuna, wanawake wanasubiri giza liingie kabisa ndo washuke. Simu zikaanza kuzima moja moja. Maji ya kunywa ya chupa kubwa yaliyokuwa buku yakafika elfu tatu, na wala simlaumu muuzaji maana alikuwa anayafuata kwa kutembea kwenye tope na hakuna gari la kumletea mengine. Dawa za mama nilibeba za siku mbili tu kwa sababu nilijua Jumatatu tupo kliniki tunapewa nyingine. Nikazigawa nusu nusu. Sijui kama nilifanya sawa, hakuna daktari aliyekuwepo wa kumuuliza, na mpaka leo nikikumbuka nilivyokuwa nakata kidonge cha mama kwa wembe kwenye mwanga wa simu yenye asilimia tisa ya chaji, machozi yananitoka.

Asubuhi ya Jumatatu bibi mmoja wa kijijini alikuja na mwamvuli wa plastiki, akapita kwenye mabasi anaangalia wazee na watoto wachanga. Alipomuona mama akaniambia, mwanangu mteremshe mzazi wako twende nyumbani. Nikamwamkia shikamoo bibi, nikamwambia hatuna cha kukulipa, akasema sijakuuliza hela. Nyumba yake ya makuti ilikuwa inavuja sehemu tano, nilizihesabu kwa sababu kila sehemu kulikuwa na chombo, sufuria, beseni la kufulia, kopo la rangi, na usiku kila kimoja kilikuwa na mlio wake. Mama alipewa kitanda, bibi mwenyewe akalala kwenye mkeka. Tulikula ugali wa muhogo na dagaa, na kila jioni alikuwa anaenda ukingoni mwa kijito nyuma ya nyumba ambako amechomeka mti wa mkoko wenye alama alizokata kwa panga.

Siku ile nikamwambia, bibi si walitangaza kimbunga kimeisha? Akanijibu, mwanangu upepo ndo umeisha, maji ya bara hayajafika.

Viongozi wangu, barua hii yote naiandika kwa ajili ya sentensi hiyo. Bibi yule hajasoma na hana televisheni, lakini alijua kitu ambacho sisi tulio na simu za tachi hatukujua. Mvua iliyonyesha bara huko juu inashuka mitoni taratibu na inafika pwani baadaye, wakati mwingine jua limeshaanza kutoka. Nami baada ya kurudi nilikaa nikasoma nielewe. Kimbunga kinakula joto la bahari, maji yakiwa na nyuzi 26 au 27 kwenda juu ndo kinapata nguvu ya kuzungusha upepo. Kikipanda nchi kavu kinakosa chakula, kinakwaruzana na miti na vilima, upepo unapungua, na hapo wataalamu wanasema kimepoteza nguvu na wanasema kweli, kwa sababu wanakipima kwa upepo. Ila lile wingu zima la maji kilichotoka nalo baharini halijaenda popote, litamwagika hapo hapo lilipo. Na Hidaya ilimwaga kwenye ardhi iliyokuwa imeshashiba, kwa sababu masika ya mwaka ule ya El Niño yalikuwa yametupiga tayari, Rufiji na Kibiti kumefurika mwezi wa nne wote, na Waziri Mkuu alishasema bungeni mwezi huo huo kwamba watu 155 wamefariki nchi nzima kwa mvua na mafuriko. Udongo ule haukuwa na pa kuweka hata kikombe kimoja zaidi.

Na sio sisi peke yetu. Angalieni kimbunga Freddy, Machi 2023. Kiliingia Msumbiji pale Quelimane, kikapanda Malawi kikiwa kimeshachoka upepo, na ni hapo kilipochoka ndo milima ya Blantyre ikaporomoka na watu zaidi ya 1,000 wakafa au wakapotea wasionekane tena. Kenneth ya Aprili 2019 nayo, iliingia Cabo Delgado kwa upepo wa kutisha, ukapungua, halafu siku chache baadaye mji wa Pemba kule Msumbiji ukafurika kwa mvua ya mabaki.

Sisi Mtwara Kenneth tunaikumbuka vizuri. Tulihamishwa, shule zikafungwa, watu wakajaa kwenye maeneo waliyoelekezwa, halafu ikapita kusini kwetu, Mtwara hapakutokea kitu kikubwa. Miaka miwili baadaye, Aprili 2021, ikaja Jobo, tukaambiwa inaelekea Dar, ikafa baharini kabla haijafika. Mimi sisemi walikosea kututahadharisha, waendelee hivyo hivyo na hata zaidi. Nachosema ni kwamba mara mbili mfululizo sisi wananchi tulijifunza kwamba neno "kimepungua nguvu" maana yake ni rudini kazini. Kwa hiyo Hidaya ilipopungua nguvu tukarudi kazini, tukapanda mabasi. Hilo somo baya tulijifundisha wenyewe lakini nyie ndo mnaweza kulifuta, kwa sababu mnashika kipaza sauti.

Kwa hiyo naomba hivi. Siku mkitangaza kimbunga kimepungua nguvu, tangazo lisiishie kwenye upepo, na neno la maji lisiwe mstari wa chini ambao mtu akikata na kubandika kwenye grupu unabaki nje. Liwe ndo la kwanza. Semeni upepo umepungua ila mvua na mito bado, asisafiri mtu barabara ya pwani ya Kusini mpaka tutakapowaambia, na mtaje saa ya kutupa taarifa nyingine. Mtu akijua saa nne asubuhi ataambiwa kitu, anavumilia. Asipojua chochote anapiga simu kwa konda, na konda ana hesabu ya tajiri ya kupeleka jioni, atakujibu nini zaidi ya gari ipo njoo?

Na stendi iwe na mtu mwenye mamlaka ya kusema basi haliondoki. Kama bandarini yupo mtu wa kuzuia boti yenye watu mia nne, kwa nini asiwepo wa kuzuia basi la watu sitini? Basi lisitoke Mtwara, Lindi wala Mbagala kabla mtu hajapita na pikipiki au hajapiga simu kwenye kila daraja na kila kalavati korofi, na yanajulikana, hata mama ntilie wa Somanga, kule Kilwa, anaweza kuwatajia yote bila kuangalia ramani. Tena anayajua kwa uchungu, maana magari yasipopita samaki wake wa kukaanga wanamlalia. Kila kijiji kina mwenyekiti na mtendaji, wana simu, wanaona mto kwa macho yao usiku huo huo. Sisi tulipofika kwenye shimo lile wenyeji walituambia pamekatika tangu usiku. Tangu usiku! Sisi tuliondoka Mtwara saa 12 asubuhi. Habari ilikuwepo, kijiji kizima kilikuwa nayo, haikuwa na njia tu ya kufika stendi.

Lingine ni chakula na dawa. Barabara hii ndo mshipa wetu. Ikikatika njia nyingine ni kuzunguka Masasi, Tunduru, Songea, Njombe mpaka utokee Iringa, siku mbili na nauli mara mbili kama gari unalipata. Kwa hiyo kila masika kabla hayajaanza pawekwe akiba Kilwa na Lindi, maji, unga, mahema, mafuta, na zaidi ya vyote dawa za watu wanaokunywa kila siku, presha, sukari, kifua kikuu, ARV. Mle ndani ya basi letu mama hakuwa peke yake. Kuna dada alinifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini kama nimesikia gari la dawa litakuja lini, sikumuuliza dawa gani, nilielewa, na sikuwa na jibu la kumpa.

Niwape na shukrani zenu maana mnastahili. Waziri wa Ujenzi wa wakati ule, Innocent Bashungwa, alikuja akapiga kambi huku huku, na mafundi walifanya kazi usiku na mchana kwenye mvua ile, kijana wa greda hajavua buti siku mbili, mawe yanamwagwa yanaondoka yanamwagwa tena. Siku ya nne tukafaulishwa, yaani tukavuka kwa miguu juu ya mawe, mama nimembeba mgongoni, askari mmoja kanishikia begi, upande wa pili tukapanda gari lingine. Kliniki tulifika Alhamisi, tarehe imeshapita, tukapangiwa nyingine. Presha ya mama ilikuwa imepanda mpaka nesi akapima mara mbili. Namshukuru Mungu alitulia, yupo hai, na ndo aliyeniambia niandike.

Lakini kazi ile ya usiku na mchana ni ya kuziba. Aprili 2025 pale Somanga pakakatika tena, na safari hiyo hapakuwa na kimbunga chochote, ni masika tu. Najua madaraja mapya yanajengwa, tumeyaona tukipita na tunashukuru. Ombi langu ni kwamba yakamilike, na wanaoyapima wasipime maji ya kiangazi. Wakae na wazee wa pale wawaonyeshe maji yalifika mti gani mwaka 2024. Lile kalavati nililoliona lilikuwa imara kuliko barabara yenyewe, tatizo lake ni kwamba lilikuwa dogo kuliko mto, maji yalipokosa pa kupita yakajichongea njia pembeni. Hiyo hata mimi muuza viatu niliielewa kwa kusimama pale nusu saa.

Msimu wa vimbunga upande wetu wa Bahari ya Hindi unahesabiwa kuanzia kama Novemba mpaka Aprili, na Hidaya ilikuja Mei wakati watu tumeshajipumzisha na ufuta upo shambani unakaribia kuvunwa. Bibi yule alinisimulia kwamba mama yake aliona kimbunga cha Lindi cha mwaka 1952, kwa hiyo kwao sio hadithi, wanajua vinakuja. Wengi wetu tulioendelea kuambiwa Tanzania haina vimbunga ndo tulikuwa wageni.

Mimi na bibi tunawasiliana mpaka sasa. Mvua ikinyesha sana ananipigia, au anamtuma mjukuu wake anaandika meseji, maji yapo alama ya pili, maji yapo alama ya tatu. Alama ya tatu mimi sisafiri na simwachi mtu wangu yeyote asafiri, na majirani zangu wa sokoni wameshazoea, kabla hawajafuata mzigo Dar wanakuja kuniuliza bibi anasemaje. Watu kama ishirini tunasafiri kwa mti wa mkoko uliochomekwa na bibi nyuma ya nyumba. Nilimwambia naandika barua kwenu, nikamuuliza kama nitoe namba yake kwa ofisi yoyote itakayoitaka. Akasema toa, ila waambie wapige kabla ya saa mbili usiku, baada ya hapo anakuwa amelala.